Mwanamke wa Kitanda cha Pili

Wiki jana, msomaji, tulimwacha Hafsa amesimama mbele ya mlango wa watu huko Kinango, jua liko utosini, Amin yuko mgongoni, na mkono wake umeinuka kubisha lakini haubishi.

Kama hukuwa nasi tangu mwanzo, shika haya machache. Amin ana miaka saba na mwili wa mtoto wa miaka mitatu. Hawezi kukaa peke yake, hasemi, na miguu yake hukakamaa ikapishana kama mkasi. Madaktari wa Mombasa walisema ni mtindio wa ubongo. Wakasema ubongo wake ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa kuwa uchungu ulichukua muda mrefu mno na hakuna aliyefanya lolote. Hafsa na mumewe Luqman wakaishitaki ile hospitali ya binafsi alikojifungulia. Wakili wao aliwakataza kuitaja ovyo, kwa hivyo nyumbani kwao Msambweni huitwa "kule" tu.

Na watu wa kule wakajibu nini? Wakajibu kwamba Hafsa aliambiwa ahamishiwe hospitali kubwa akapasuliwe, naye mwenyewe akakataa.

Jibu hilo lilimchosha Hafsa kuliko kumbeba Amin. Mawifi zake walilipokea kama waliokuwa wakilingoja. "Hakutaka kisu," walisema jikoni, makusudi asikie. "Sasa anatafuta wa kumsingizia."

Sista aliyekuwa zamu siku ile alikwenda kufanya kazi Uarabuni, na hakuna ajuaye yuko mji gani. Alibaki mtu mmoja tu wa kusema kweli, naye ni mwanamke aliyelazwa kitanda cha pili, nyuma ya pazia. Hafsa hakuwahi kumwona sura. Alikumbuka tu kwamba jamaa zake walikuwa watu wa Kinango, na kwamba waliimba wimbo wa kanisani mtoto wao alipolia. Kwa kuuliza huku na huku mnadani kwa wauza mbuzi, ndipo akaelekezwa kwenye mlango huu.

Akabisha.

"Hodi wenyewe!"

Mlango ulifunguliwa na mtoto wa kike aliyekuja mbio, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Shikamoo, mama. Mama yuko uani anachambua kunde." Kisha akamwona Amin. "Huyu mbona ni mkubwa na anabebwa?"

Hafsa alikuwa akiitazama ile miguu iliyokuja mbio.

Mwenye nyumba akatokea, mikono imejaa maganda ya kunde. Alikuwa mwembamba, mpole wa uso. Jina lake Hannah.

"Karibu, dada. Sijui tumeonana wapi."

"Hatukuonana. Tulilala jirani. Wewe ulikuwa upande wa dirisha."

Maganda yakamdondoka Hannah moja moja.

"Sauti hiyo," akasema. "Ulikuwa ukimwita sista."

"Ndiyo. Nilikuwa nikimwita."

"Dama," Hannah akamwambia binti yake bila kugeuka, "nenda kwa nyanyako ukaombe chumvi."

"Chumvi ipo, mama."

"Nenda!"

Mtoto akaenda. Hannah akatandika mkeka, akamsaidia Hafsa kumshusha Amin, akamfuta udenda kwa ncha ya leso yake bila kusita wala kukunja uso. Hapo Hafsa akajua huyu ni mtu wa kuongea naye.

"Mama Dama, mimi sina mengi. Nataka kujua ulichokisikia siku ile."

"Ilikuwa Ijumaa alasiri," akasema Hannah. "Daktari alitoka tangu adhuhuri, hakurudi. Sista alikuwa mmoja na sisi tulikuwa wawili. Wewe ulikuja kabla yangu, na hali yako ilikuwa mbaya kuliko yangu. Ulimwambia, 'Sista, kama mmeshindwa, nipelekeni hospitali ya serikali.' Akakwambia gari limechukuliwa na daktari, subiri arudi. Ukamwambia tena. Na tena."

"Sikukataa?"

"Ukatae nini, dadangu? Ulikuwa unaomba!"

Hafsa akainamisha kichwa. Hakulia. Zilikuwapo siku, msomaji, ambapo hata yeye mwenyewe aliingiwa na shaka. Uchungu ule humsahaulisha mtu jina lake, je, kama kweli alitamka "sitaki" na hakumbuki? Alikuwa ameibeba shaka hiyo miaka yote bila kumwonyesha mtu, hata Luqman.

"Utakuja kuyasema haya kortini?"

Hannah akamtazama Amin pale mkekani.

"Nitakuja."

Mumewe, Harrison, dalali wa mbuzi, aliingia mazungumzo yakiwa yanakwisha. Aliyasikiliza yote akiwa wima, kofia mkononi. "Kama ndivyo ilivyokuwa, basi ndivyo itakavyosemwa," akasema. "Tutakuja wote wawili."

Hafsa akarudi Msambweni akijiona mwepesi. Hakujua kwamba nyumbani anangojewa na jambo jingine.

Alimkuta Luqman amerudi mapema kutoka Diani, ambako huendesha gari la kubebea wageni wa hoteli. Hata sare hakuvua. Alimpokea Amin, akamlaza kitandani, akaanza kumnyoosha miguu taratibu kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo alivyomfundisha.

"Nimempata," akasema Hafsa. "Yule wa kitanda cha pili. Anakumbuka kila neno."

"Alhamdulillahi," akajibu Luqman, lakini kwa sauti isiyo na furaha. "Na mimi nimepatikana. Watu wa kule walinijia kazini."

"Wanataka nini?"

"Sulhu. Watampa Amin kiti maalumu cha magurudumu, kile chenye kushika shingo. Watampa mazoezi bure mpaka awe mtu mzima, na dawa zake za kifafa. Yote hayo kwa maandishi."

"Na sisi tuwape nini?"

"Tuiondoe kesi."

"Hilo tu?"

Luqman akaendelea kuunyoosha mguu. "Na tukubali kwamba wao hawakukosea."

"Yaani tukubali kwamba nilikataa mimi."

"Hafsa..."

"Sema tu, Luqman. Yaani nilikataa mimi."

"Hafsa, mimi nimechoka!" Amin alishituka, mikono ikaruka juu. Luqman akamkumbatia mpaka akatulia, kisha akasema polepole, "Nimechoka kuomba ruhusa kazini kila kesi inapotajwa. Kila tukienda, inaahirishwa. Mgongo wako umekwisha kwa kumbeba. Kesi hii hata tukishinda haitamfanya atembee."

"Mimi siombi atembee. Hilo nililiacha zamani. Ninachotaka ni mtu mmoja asimame mbele ya watu aseme kwamba sikumdhuru mwanangu."

"Mimi nasema."

"Wewe hukuwepo, mume wangu."

Luqman akarudi kwenye ule mguu mwingine.

Siku ya kesi ikafika. Wakapanda kwenda kortini Kwale asubuhi pamoja na Amin, wakakaa kwenye benchi la mbele pamoja na wakili wao, Abdulaziz, mzee mpole anayependa kuzungumza kwa kunong'ona. Jina la Hannah alikuwa amelipeleka kortini mapema, kama sheria inavyotaka. Wakamngoja. Watu wakaingia, karani akaita kesi, Hannah hakuonekana.

"Pengine wamekosa gari," akasema Hafsa.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Hannah, amevaa gauni jipya la kitenge. Nyuma yake akaingia Harrison, naye amevaa sare ya bawabu, kofia na yote, na kifuani nembo ya kule.

Wakapita mbele ya Hafsa bila salamu. Wakaenda kuketi upande wa pili.

"Usimtazame," akanong'ona Abdulaziz.

"Wamemfanya nini?"

"Usimtazame, binti yangu."

Wakili wa hospitali, mwanamke wa bara mwenye kusema haraka haraka, akainuka akaeleza kwamba shahidi huyo sasa ni wa kwao. Hannah akapanda kizimbani, akashika Biblia, akala kiapo.

"Ulimsikia mama huyu akiambiwa nini na sista?"

"Aliambiwa ahamishwe."

"Naye akafanya nini?"

"Akakataa."

"Alisemaje hasa?"

Hannah akakawia. Akaitazama dari. "Alisema... hakutaka kisu."

Maneno yale yale ya mawifi! Hafsa aliyasikia akajua hayakutoka kichwani mwa Hannah, wala hayakuanzia Kinango. Yalitengenezwa, yakasambazwa, na sasa yamerudi mpaka kortini yakiwa yameapishwa. Hata hasira hakuipata. Alitamani tu kulala.

Abdulaziz alipoinuka kumhoji shahidi, hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani, akatazama saa. "Watu waende wakaswali na kula. Utamuuliza maswali yako tukirudi."

Hafsa alimchukua Amin, akaenda naye nyuma ya jengo penye bomba, akaketi kivulini kumlisha uji. Kijiko kimoja, anangoja ameze, kisha kingine. Kazi hiyo haina haraka, maana ukiharakisha uji huenda mapafuni.

Akasikia hatua. Alikuwa Hannah.

"Usinikaribie."

"Nisikilize, Mama Amin, kisha unitemee mate ukipenda."

"Sina mate. Ondoka."

Hannah hakuondoka. Alichuchumaa mbali kidogo, akasema akitazama chini. "Jina langu lilipofika kortini, watu wa hospitali wakaja nyumbani. Mbuzi wa watu wote wamekufa kwa kiangazi, mnada umekauka, Harrison hana cha kudalalia. Wakampa kazi. Wakatupa na chumba ndani ya ua wao, kina bomba. Dama anafungua tu maji yanatoka. Unajua maji ya kwetu."

"Nimeyaona."

"Lakini si hilo tu." Akajikunjia leso mkononi. "Waliniambia, ukitaka kusema sista alikuwa wapi, useme na aliyemzuia. Ni mimi, Mama Amin. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimshika gauni kwa mikono miwili nikamwambia usiniache, nakufa. Wewe ulikuwa ukiita, yeye anataka kuja kwako, na mimi nimemshika. Kila nikimwona Dama anakimbia nakusikia ukiita."

Kijiko kilibaki hewani. Amin alikuwa amefungua mdomo, anangoja.

Hafsa akamlisha. Akamfuta kidevu. Kisha akasema, "Hata mimi ningemshika."

Hannah akainua uso.

"Ningemshika gauni, ningemshika na nywele," akasema Hafsa. "Ulikuwa unazaa. Kosa ni la aliyeacha sista mmoja na wanawake wawili akaondoka na gari."

Hapo Hannah akalia, leso mdomoni asisikike.

"Wakili wako ataniuliza," akasema. "Akiniuliza, siwezi tena kusema yale. Asubuhi yalinikaba. Lakini nimekwisha kula kiapo. Watanifunga?"

"Sijui."

"Dama atabaki na nani?"

"Sijui, mamangu. Wallahi sijui."

"Hannah!" Harrison alikuwa kwenye kona ya jengo. "Unafanya nini huko?"

Hannah akasimama, akajifuta, akaenda zake.

Hafsa hakupata hata nafasi ya kulifikiria lile jambo. Luqman alikuja kutoka upande wa pili, anatembea kama mtu aliyetoka mazikoni. Akamchukua Amin, akambeba begani.

"Nimekubali," akasema.

"Umekubali nini?"

"Sulhu. Umemsikia shahidi mwenyewe. Tumeshindwa, Hafsa, na tukishindwa hatupati hata hicho kiti. Wakili wao amekwenda kumweleza hakimu."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Basi jibu langu ulikuwa unalijua."

Macho ya Luqman yalikuwa mekundu. Hafsa alitaka kumpigia kelele akaona hana nguvu hiyo, na tena alimpenda, na ndiyo maana lilimuuma zaidi.

Wakarudi ndani. Hakimu akavua miwani, akaivaa tena.

"Nimeelezwa kwamba mmepatana," akasema. "Lakini kesi hii ni ya mtoto. Nyinyi wazazi mnasimama kwa niaba yake, na siwezi kuikubali sulhu mpaka wote wawili muikubali. Baba amenena. Mama Amin, nataka kukusikia wewe."

"Sema hapana," akanong'ona Abdulaziz. "Nina swali moja tu kwa yule mama. Mtu aliyesema uongo namjua, na huyu hataweza kuurudia. Niachie swali moja, binti yangu, tutashinda."

Hafsa alijua kwamba ni kweli, wangeshinda. Swali moja lingetosha.

Akamtazama Luqman. Amin alikuwa amelala begani kwake, shati limelowa udenda mpaka kifuani. Akamtazama Hannah upande wa pili, amefunga macho kama anayengoja kuchomwa sindano. Akamfikiria Dama anafungua bomba. Akajifikiria mwenyewe jikoni kwa mawifi, miaka yote iliyobaki.

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema.

"Kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

Abdulaziz akaketi chini kwa uzito. Hakimu akaanza kuandika. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, inasikika kalamu tu.

"Hakukataa!"

Watu wakageuka. Hannah alikuwa amesimama. Harrison amemshika mkono wa gauni anamvuta chini, naye hashukiki.

"Mheshimiwa, mama huyu hakukataa kupelekwa! Aliomba. Aliomba mpaka sauti ikamkauka. Mimi asubuhi nimesema uongo."

"Nyamaza, Hannah!" akasema Harrison.

"Ninyamaze mpaka lini?"

Ukumbi ukachafuka. Askari wa korti akapita kati ya mabenchi akamshika Hannah kiwiko. Wakili wa hospitali alikuwa amesimama anasema kwa kasi kwamba kesi imekwisha, mdai amekubali, na imeandikwa. Abdulaziz, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alikuwa anapaza sauti. "Haijatiwa sahihi, mheshimiwa! Haijatiwa sahihi!"

Hafsa hakuwasikia. Alikuwa bado kwenye lile neno moja. Hakukataa. Limesemwa mbele ya watu, kwa sauti, na mtu asiye mumewe wala mamake. Hilo tu ndilo alilolitaka, na limekuja baada ya yeye kusema ndiyo.

Hakimu akagonga meza mpaka wakatulia.

"Mama," akamwambia Hannah, "unakumbuka kwamba ulikula kiapo?"

"Nakumbuka."

"Unajua adhabu ya aliyeapa uongo?"

"Siijui. Najua nilichokisikia."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akamgeukia Hafsa, na sauti yake ikawa ya mama anayezungumza na mama.

"Mama Amin, kaa usikilize. Sijatia sahihi. Ukisema bado mmepatana, hapana kesi tena, na maneno ya huyu mwenzako nitayaacha yapite. Atarudi kwake. Ukisema hapana, kesi inaendelea, maneno yake yanaingia, naye itambidi ajibu kwa kile kiapo cha asubuhi. Sitakuuliza mara ya tatu."

Luqman alikuwa anamtikisia kichwa Hafsa, taratibu, asiivunje sulhu, machozi yanamtoka. Abdulaziz amemshika kidole cha mkono kama mtoto. Harrison amefunika uso kwa kofia.

Hafsa akasimama.

"Sema, Mama Amin!" Hannah akaita kutoka mikononi mwa askari.

Lakini hakumwambia aseme lipi.